Kabla hujajipaka au kunywa kemikali ya kiwandani, uliza hiyo asilimia iliyobaki ni nini

Jamani tuongee hii ishu ya watu kujipaka DMSO (kimiminika cha kuyeyushia kemikali) na kunywa methylene blue (rangi ya bluu ya maabara) kama dawa, maana siku hizi mtandaoni kila mtu ni daktari. Mimi kazi yangu ni stoo ya maabara, napokea kemikali, nakagua lebo, napanga, na watu wakishajua hivyo wananitumia picha za chupa walizonunua, "hii ni safi? naweza kutumia?" Na karibu wote wamezungushia kitu kimoja tu, ile namba ya usafi, 99.9%.

Sasa hiyo namba. Kwenye gramu moja, asilimia 0.1 iliyobaki ni miligramu moja, yaani maikrogramu 1000, na madini yenye sumu kama risasi na aseniki kwenye dawa huwa yanahesabiwa kwa maikrogramu. Kwahiyo 99.9 ina nafasi ya kutosha kuficha balaa. Alafu unatakiwa ujue walipima kwa njia gani, maana kwa vimiminika kama DMSO mara nyingi wanapima kwa kukigeuza mvuke, na metali hazipandi na mvuke huo, hazionekani kabisa, mashine inakuandikia 99.9 bila hata kuziangalia. Haijadanganya, haikuulizwa.

Methylene blue ndo kabisa. Hii ilianza kama rangi ya kutia vitambaa karne ya 19, na ile inayouzwa kwa ajili ya kupaka rangi seli chini ya hadubini nimeshika chupa zake zimeandikwa angalau 82%. Hiyo 18 nyingine ni maji, chumvi na rangi nyingine za ukoo huohuo. Kwa kuangalia seli haina shida, seli yenyewe imeshakufa. Wewe bado.

DMSO inanitisha kwa sababu nyingine. Ni kiyeyushi, inapita kwenye ngozi na inabeba ilivyokuta njiani. Kuna mwenzangu kazini ilimrukia mkononi kidogo tu, hajalamba wala nini, baada ya muda mfupi akaanza kulalamika mdomo una ladha ya kitunguu saumu na sisi tuliokaa karibu naye tukaisikia hiyo harufu kwenye pumzi yake. Sasa fikiria mtu anajipaka kwenye goti ambalo jana alipaka dawa nyingine, au mkono una mabaki ya dawa ya wadudu, au amevaa zile glavu nyembamba za mpira akidhani amejikinga wakati inazipenya. Na ikikaa kwenye plastiki isiyofaa inanyonya vitu vya hiyo plastiki pia. Hapo usafi wa kiwandani umeshaisha hata kama ulikuwepo.

Kuna wanaosema iweke sehemu ya baridi, ikiganda ujue ni safi. Inaganda kwenye nyuzi kama 18.5 kweli, na ikiwa na maji inachelewa, kwahiyo hicho kipimo kinakuambia habari ya maji. Habari ya risasi hakikuambii.

Mtu atasema "lakini hospitali wanatumia". Ndiyo, wanatumia. Marekani mwaka 1978 waliidhinisha DMSO ya 50% kwa ugonjwa mmoja wa kibofu, inaingizwa kwenye kibofu na mtaalamu, ikiwa imetengenezwa kama dawa na kupimwa kama dawa. Methylene blue nayo ni dawa halali ya tatizo la damu kushindwa kubeba oksijeni vizuri. Hiyo siyo chupa yako iliyoandikwa "kwa matumizi ya maabara tu", hayo maneno muuzaji hakuyaweka kama pambo.

Kama unataka kujua kweli, muombe muuzaji cheti cha uchambuzi chenye namba ya bechi (mkupuo wa uzalishaji) ileile iliyo kwenye chupa yako, uone kama metali na vijidudu vimepimwa. Akikutumia cheti kisicho na bechi, au cha bechi nyingine, achana naye. Na hata cheti kikiwa safi hakijamaliza kazi, methylene blue safi kabisa ukiimeza huku unatumia dawa fulani za sonona inaweza kukuletea hali ya hatari ya kuzidi kwa serotonini mwilini, na wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD inaweza kuwavunjia chembe nyekundu za damu. Wengi wenye huo upungufu hawajui kama wanao.

Kama umeshatumia na unajisikia vibaya, usijilazimishe kutapika, nenda hospitali na chupa yenyewe mkononi na useme ukweli, hakuna wa kukucheka. Methylene blue hasa usiifiche, maana ikiwa kwenye damu kile kifaa cha kubana kidole cha kupimia oksijeni kinaweza kuonyesha namba ya chini isiyo ya kweli, na daktari asiyejua ataanza kutibu kitu kingine.