Mkuu, "pending" haisimamishi saa: rudisha kontena kwanza

Mkuu, weka chini hiyo barua unayotaka kumwandikia wakala wa meli. Umeuliza tofauti ya "wait", "await", "delay", "postpone" na "linger", kisha ukadokeza tu kwamba kontena lako la vyerehani liko uani Makorora, umeshalitoa nusu, na kampuni ya meli imekuandikia kuwa "detention", yaani malipo ya kukaa na kontena lao, inaendelea na ombi lako liko "pending". Ukamalizia kwamba unasubiri wakujibu ndipo ulirudishe. Hapo nimeshindwa kunyamaza. Usisubiri jibu, rudisha kontena.

Nimepita njia hiyo na kontena la vigae la futi 40. Lilikaa bandarini hapa Tanga mpaka siku za bure zikaisha, nyaraka zikiwa bado, nikaletewa bili ya "demurrage". Nikalipa, nikapewa risiti, kontena likapanda lori hadi Pongwe. Bwana aliyekuwa ananitolea mzigo akaniambia, "Bosi, kuchelewa umeshalipia, kaa nalo kwa nafasi yako." Basi likawa stoo. Asubuhi nafungua milango, wateja wanaingia na tochi za simu kuchagua vigae mlemle ndani, jioni napiga kufuli. Kumbe kila siku inayopita inaandikwa kwa dola, Ijumaa imo, Jumapili imo, na Idi imo.

Sikiliza sasa. "Demurrage" ni malipo ya kontena lililojaa kukaa bandarini baada ya siku za bure. Likishatoka getini inaanza saa nyingine, hiyo ndiyo "detention": kontena la watu liko mikononi mwako na hujalirudisha. "Storage" ni deni la tatu, la uwanja wa bandari uliokaliwa na mzigo wako. Hayo ni malipo matatu yenye saa tatu, na sisi yote tunayaita kuchelewa. Tena kuna kampuni zinazounganisha siku za bure za bandarini na za nje zikawa hesabu moja, kwa hiyo ukizimaliza bandarini unatoka getini huna hata siku moja mkononi. Na bei ya siku mara nyingi hupanda kwa ngazi kadiri unavyokaa nalo.

"Detention" Waingereza hulitumia hata kwa mtu aliyeshikiliwa polisi. Ndani yake mna kuzuia: wewe umezuia mali ya mwenzio, na anakudai kwa hilo. "Demurrage" lina asili ya Kifaransa, lenye maana ya kukaa, na kwanza lilikuwa deni la meli yenyewe: aliyeikodi asipomaliza kupakia au kupakua ndani ya muda waliopatana, anamlipa mwenye meli kwa kumkalisha. Wazee waliofanya kazi enzi za matishari, meli imetia nanga katikati ya maji na mzigo unaletwa kidogokidogo, hawahitaji kamusi kulielewa hilo. Kwenye mikataba hiyo ya kukodi meli kuna kanuni kwamba meli ikishaingia kwenye "demurrage", kwa kawaida Jumapili na sikukuu hazipunguzwi tena. Mwenye meli hakuhesabii mapumziko.

Lakini pigo kubwa kwangu lilikuwa hilo neno lako, "pending". Bili ya "detention" ilipofika niliomba wanifutie. Wakajibu: "Your request is pending. We await approval." Nikampelekea yuleyule bwana. Akaisoma mbele yangu, akasema, "Wameshakubali, wanangoja sahihi tu." Nikatulia. "Pending" maana yake halijaamuliwa! Na "await" pale ilisema wao wanamngoja mkubwa wao, haikusema kwamba hesabu imesimama. Jibu lilipokuja lilikuwa hapana, na siku zote nilizokaa nikingoja zilikuwa zimejumlishwa. Dhamana ya kontena, ile pesa niliyoweka kwao mpaka nilirudishe, ikaliwa yote na haikutosha, vigae vilivyobaki nikaviuza kwa bei ya kutupa. Mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni karatasi hizo anakutafsiria "pending" kuwa kukubaliwa, na ada yake ameshachukua. Mpaka leo sijamsamehe.

Kwa hiyo neno lolote la Kiingereza la kungoja likikujia ndani ya biashara, uliza kwanza: nani anamngoja nani, saa imeanza lini, na inasimamishwa na nini? Saa ya "detention" inasimama kontena tupu likipokewa kwenye depo waliyokutajia. Haisimami ukituma barua pepe, wala lori likiondoka uani kwako. Barua inayokupa nafuu utaiona ina "waived", yaani wamefuta, au "suspended", wamesimamisha, au "extended until" na tarehe imeandikwa mbele yake. Ukikosa yote hayo, unaendelea kudaiwa.

Na usiandike "please postpone the detention" kama ulivyopanga. "Postpone" ni kuahirisha kitu ambacho hakijafanyika, kikao au harusi, kihamie siku nyingine. Hii yako imeshaanza kukula. Andika "please waive" au "please reduce", utaje kutoka tarehe fulani hadi tarehe fulani, na sababu.

Leo toa vyerehani vilivyobaki, hata kama utavipanga sebuleni. Fagia kontena, maana chafu nalo wanalitoza. Ulizia depo kwa maandishi, tafuta lori, na usiondoke pale bila karatasi ya makabidhiano yenye tarehe na saa. Ipige picha uiambatishe kwenye ombi lako. Halafu rudi hapa utuambie barua yao inahesabu siku za bure tangu meli ilipofika au tangu kontena liliposhushwa, tukukagulie hiyo bili kabla hujalipa.