Utando wa rangi kisimani

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tumechimba kisima kando ya mashamba ya mpunga hapa Bahi. Asubuhi maji yanakuwa na utando wa rangi rangi kama dizeli iliyomwagika. Wenzangu wanasema Uganda walipata mafuta kwenye Bonde la Ufa na sisi tumekaa juu ya ufa, basi nisiuze kiwanja. Ni kweli?
Mkulima, Bahi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza chukua kijiti uguse huo utando. Ukivunjika vipande vipande kama kioo, ni kazi ya bakteria wanaoishi kwa chuma kilichomo majini. Ukiachana kisha ukaungana tena, ni mafuta, nami nitauliza mashine ya kuvutia maji ilikaa wapi jana.

Ufa mnao kweli. Ule ukuta unaoupanda kwenda Kilimatinde ndio wenyewe: upande wenu ulishuka, wa Manyoni ukabaki juu. Ila ufa haupiki mafuta. Ziwa Albert, walikopata Waganda mwaka 2006, ardhi ilishuka kilomita kadhaa, matope ya ziwa yakajaa humo, yakazikwa, joto likayapika. Kwenu tope ni jembamba, na chini yake kuna graniti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ndiyo maana TPDC, shirika la mafuta la taifa, wanatafuta huko bonde la Eyasi-Wembere, si kwenu.

Na hata penye tope nene, ufa ni mlango: huenda umefunga, huenda unavuja. Vijana huwa nawaonyesha kwa ubao na tofali. Inua ubao upande mmoja mpaka tofali likaribie kuteleza. Sasa linyanyue kwa kidole, kidogo tu, si wima bali pembe mraba na ubao, lisiubane sana, uone linavyoondoka. Majimaji yenye shinikizo ndani ya ufa hufanya kazi ya hicho kidole. Miamba ikiteleza, njia inaweza kufunguka, na mafuta yaliyotulia miaka milioni yakapotea.

Kwa hiyo lazima tujue ardhi inabanwa kutoka wapi, ili tujue ufa upi uko karibu kuteleza. Jibu liko kwenye tundu la kuchoronga lenyewe: kuta zake humeguka pande mbili zinazotazamana, upande wa mbano mdogo, duara likawa yai. Yai hilo ndilo tunalolisoma.

Kuhusu kiwanja, hata mafuta yangekuwepo ni mali ya taifa, si yako. Uza au usiuze kwa hesabu ya mpunga. Maji, kama utando umevunjika, yalaze kwenye ndoo, kutu itatuama chini. Kama umeungana, msiyanywe mpaka yapimwe.