Mibuni kwenye chungu: shida ni kina, si upana

Umeuliza kama mbuni unaweza kulelewa kwenye baraza yenye upana wa hatua mbili, na kama utazaa kahawa ya kunywa. Unaweza, nami ninayo minne inayozaa kila mwaka. Lakini miwili niliyoanza nayo ilikufa kwa kosa langu, na kosa hilo ndilo ningependa ulikwepe.

Miche ile ilistawi kwa miaka miwili, kisha majani yakaanza kunyauka hata siku ambazo udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha. Nilipoung'oa mmoja niliukuta mzizi mkuu umejikunja kama ndoana, ncha ikielekea juu, kwa sababu siku ya kuuhamisha niliusukuma kwa nguvu ndani ya shimo fupi. Mzizi mkuu wa mbuni hushuka wima, na ukipinda ungali mchanga haunyooki tena. Kwa hiyo tafuta chungu chenye kina cha sentimita 40 hadi 50, chenye matundu ya kutosha chini, hata kama ni chembamba. Na ukihamisha mche ukaona ncha imejipinda, ikate kwa wembe safi kuliko kuikunja, kwani mizizi mingine itachipua.

Udongo uwe na uchachu kidogo, pH kati ya 5.5 na 6.5. Mimi huchanganya udongo wa juu, mboji iliyooza vizuri na mchanga wa chembe kubwa, na sahani iliyo chini ya chungu siiachi ituamishe maji. Majani machanga yakigeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, mara nyingi mti unakosa chuma kwa kuwa maji unayotumia yameondoa uchachu wa udongo. Maji ya mvua yalinisaidia kuliko mbolea yoyote.

Chagua kahawa ya aina ya Arabika, kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe, ilhali Robusta huhitaji chavua ya mti mwingine. Ukipata Caturra, aina fupi iliyopatikana Brazili, itakufaa zaidi. Panda mbegu mbichi za karibuni, kwani zikikaa miezi mingi hupoteza uhai. Uotaji huchukua mwezi mmoja hadi miwili, na hapo utaona shina jembamba limebeba mbegu nzima kichwani kwa siku kadhaa, kabla ya majani mawili ya mviringo kufunguka. Tafadhali usiibandue kwa mkono.

Jua la asubuhi linatosha, na mchana mti upate kivuli chepesi. Jalidi huua mbuni, basi penye baridi kali uingize ndani.

Wengi wenye nafasi ndogo hukata matawi ya pembeni ili mti usisambae, nami nasikitika kila ninapoliona jambo hilo, maana matawi hayo ndiyo yanayozaa, na tawi likikatwa kwenye shina halichipui jingine mahali pake. Kata kilele mti ukifika mita moja na nusu hivi, kisha ondoa maotea yanayosimama wima.

Maua meupe, yenye harufu kama ya yasmini, huja mwaka wa tatu au wa nne, hasa unapomwagilia vizuri baada ya wiki chache za ukavu, na matunda huiva baada ya miezi saba hadi tisa. Usitarajie gunia: kilo moja ya matunda mekundu hutoa takriban gramu 180 za kahawa kavu, kabla ya kukaangwa. Hata hivyo, kuyamenya kwa vidole, kuziloweka mbegu mpaka utelezi utoke, kuzianika na kuzikoboa ni kazi ninayoingojea mwaka mzima.

Kwa baraza yako ningeweka vyungu viwili kando ya ukuta unaopata jua la asubuhi, na kuvizungusha robo mzunguko kila wiki ili matawi yasielemee upande mmoja.