Jibu: Baruti iliyokaa miaka mingi ghalani, je, bado inafaa kujazia risasi?

Salaam, ndugu. Umeuliza kama kopo la baruti isiyo na moshi, lililokaa ghalani kwa miaka mingi bila kufunguliwa, bado ni salama kwa kujaza risasi upya. Umri peke yake hauamui, kwani joto na unyevu huiharibu mapema kuliko miaka.

Mimi huanza na harufu. Fungua kopo mahali penye hewa, mbali na moto, na usiliingizie pua. Baruti nzima hunuka kama spiriti au etha, ilhali iliyooza hutoa harufu kali ya tindikali, kwa sababu nitroselulosi, kemikali kuu ya baruti hii, inapovunjika hutoa gesi za oksidi za naitrojeni ambazo kiimarishi (kemikali ya kuzuia kuoza) kilichochanganywa kiwandani hakiwezi tena kuzimeza. Kisha mimina kidogo juu ya karatasi nyeupe: ukiona vumbi jekundu kama la kutu, chembe zilizogandamana, au mfuniko ulioliwa na kutu kwa ndani, usiitumie hata kidogo, wala usiichanganye na mpya ili kuiokoa. Rundo lililooza linaweza kujipasha joto hadi likawaka lenyewe.

Kama lebo imefutika, mimi huitupa hata ikinuka vizuri, maana kipimo cha kujazia hakikisiwi.

Kiasi kidogo huweza kutawanywa kwa utandu mwembamba juu ya udongo, mbali na mifugo. Kikiwa kingi, waite zimamoto. Baruti nyeusi, ile ya kizamani yenye moshi mwingi, ni jambo jingine: ikikaa kavu haiozi hivyo.