Betri zimefura, nizipeleke wapi?

SWALI: Habari mhariri. Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu, niko na ndoo karibu ijae betri za simu na za taa za sola, zingine zimefura kama mandazi. Kijana wa skrepu alikuja akasema yeye anataka shaba na alumini tu, hizi nizichome. Sasa nizipeleke wapi, na kama kuna gharama ni mimi nilipe ama?

JIBU: Usichome fundi wangu, huyo kijana hakutakii mema. Betri ya lithiamu, kama hizo za simu, ikipata moto ama ikitobolewa inaweza kulipuka, na moshi wake ni sumu. Leo tu, tenga zile zimefura, weka kwa debe la chuma lenye mchanga mkavu, nje, mbali na kibanda na mbali na jiko la mama chapo. Hizo zingine ziba ncha zake na selotepu zisigusane.

Ya gari usichanganye na hizi. Hiyo ina risasi (madini ya lead, si ya bunduki) na asidi, na mimi ndiyo naiogopa zaidi juu iko na soko kila mahali: huko Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri za gari, watoto wakapatikana na risasi kwa damu, kesi ikazunguka miaka hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 ilirudisha fidia yao ya shilingi bilioni 1.3.

Mambo ya pesa sasa. Kwa haki si wewe wa kulipa. Kanuni zilizotoka 2024 zinasema anayetengeneza ama kuingiza bidhaa nchini ndiye anabeba mzigo wa taka yake, na betri ziko ndani. Marekani watengenezaji walianza kuchangia ukusanyaji wa betri za kuchaji tangu 1994, yaani pesa inatoka kwa mwenye kuuza, na mwananchi anafunzwa tu pa kurudisha. Hapa kwetu hata bango moja la kufunza watu sijaona stendi.

Kwa hivyo unganeni mafundi wa Kondele, mwende ofisi ya NEMA, mamlaka ya mazingira, muulize nani ana leseni ya kubeba betri. WEEE Centre ya Nairobi hupokea taka za elektroniki, wapigieni kwanza, lakini zilizofura msitume kama parseli kwa matatu, tafadhali! Mkipata wa kuzibeba niandikie anatoza ngapi kwa kilo, kuna fundi wa Nakuru ameuliza hiyo hiyo.