Ukishuka Scarborough, usikimbilie bahari

Mara ya kwanza kufika Scarborough, mji wa pwani ya mashariki ya Uingereza, nilitoka stesheni mbio, begi mgongoni, kuitafuta bahari. Bahari haihami. Siku hizi nikishuka Scarborough nakaa kwanza, kwa sababu pale jukwaani kuna benchi moja la mbao lenye urefu wa mita 139. Liliwekwa kwa ajili ya umati uliokuwa ukimiminwa na treni za likizo, zama ambazo Mwingereza wa kawaida hakuwa na habari za kupanda ndege kufuata jua. Nimewahi kulikalia asubuhi ya Novemba, mbao zikiwa na umande, tuko wawili tu: mimi na njiwa.

Kutoka hapo wengi hutaka kwenda Whitby, na ramani huwadanganya. Miji hii ni majirani, lakini reli iliyoiunganisha ilifungwa mwaka 1965, miaka miwili baada ya ripoti ya Beeching, mkuu wa shirika la reli, kupendekeza stesheni zaidi ya 2,000 zifungwe nchini humo. Kwa treni sasa ni kuzunguka mpaka Middlesbrough, siku nzima inaisha. Panda basi. Au, kama miguu inaruhusu, ifuate reli yenyewe: vyuma viling'olewa, ikabaki njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, wanaiita Cinder Track. Mimi nilianzia Ravenscar nikateremka hadi kijiji cha Robin Hood's Bay, mvua ikininyeshea nusu ya safari. Magoti hayakulalamika, maana mteremko ulichongwa kwa ajili ya treni, na treni haipendi milima.

Kuteremka kijijini hadi ufukweni ndiko kunakovunja magoti. Chini kabisa, mlangoni mwa bahari, ipo Bay Hotel, ambako huishia wanaovuka Uingereza kwa miguu kutoka St Bees, pwani ya upande wa pili, magharibi. Wanaingia na matope mpaka magotini na hakuna anayewashangaa.

Sasa, baa za kule. Nilikaa mezani robo saa nikisubiri mhudumu, kumbe hakuna mhudumu. Unakwenda kaunta mwenyewe, unaagiza, unalipa hapo hapo. Foleni huioni, lakini kila mtu anajua nani alimtangulia. Usipunge noti hewani, utaonekana huna adabu. Hunywi pombe? Agiza soda, hakuna atakayekuuliza.

Whitby kwenyewe treni ni chache mno kwa siku. Niliikosa ya jioni kwa sababu ya shakwe aliyeninyang'anya samaki mkononi, nami nikarudi kununua mwingine. Piga picha ratiba ukutani kabla hujatoka stesheni.

Cleethorpes, mji mwingine wa pwani hiyo hiyo, kusini zaidi, ndiyo iliyoniponya hasira hizo. Stesheni iko ufukweni kabisa, na baa zimo humo humo stesheni. Treni ikikuacha, unageuka tu.