Kokoto za Manda: kibali kitoke kwa jina la nani?

SWALI: Sisi ni akina mama 12 hapa Maweni, kisiwani Manda, Lamu. Wanaume wanachonga mawe, nasi tunaponda mabaki kuwa kokoto. Jahazi likishapakia, pesa anapokea mwenye shimo, halafu anatugawia anavyoona yeye. Sasa tumesikia kwamba machimbo yote yanatakiwa kuwa na kibali. Je, mwanamke anaweza kupewa kibali, au ni lazima apitie kwa mumewe au kwa mwenye shimo?
– Mama wa kokoto, Manda

JIBU: Mama, mwanamke hupewa kibali kwa jina lake mwenyewe, na saini ya mume haihitajiki. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwombaji wa kibali cha uchimbaji mdogo wa mikono awe raia wa Kenya aliyetimiza miaka 18, na inamruhusu kuwa katika kikundi au ushirika wa wachimbaji. Anayewaambia lazima mpitie kwa mwanamume anawaeleza mazoea ya machimboni, si sheria. Tena mawe yenu yamo ndani ya sheria hiyo. Huku pwani tukisikia madini tunafikiria titani ya Kwale, lakini mawe, changarawe, mchanga na udongo vinahesabiwa kuwa madini ya ujenzi.

Ombi hupelekwa kwa mwakilishi wa Mkurugenzi wa Madini katika kaunti, na kamati ya wachimbaji wadogo ya kaunti hutoa mapendekezo yake. Kibali chenyewe hakizidi miaka 3.

Hapo kwenye kamati ndipo ninapotaka mkaze. Wachimbaji huwakilishwa humo na watu waliochaguliwa na chama chao. Chama kikiwa cha wenye mashimo peke yao, anayeshinda juani na nyundo hana wa kumsemea. Ingieni katika chama hicho, na msikubali kuandikwa "wasaidizi" au "vibarua" ilhali kokoto ni kazi ya mikono yenu. Mkiambiwa viti vimejaa, wakumbusheni Kifungu cha 27 cha Katiba: katika chombo cha kuchaguliwa au kuteuliwa, jinsia moja isizidi theluthi mbili.

Sambamba na hilo, sajilini kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, nanyi mko 12. Kikundi kikiwa na cheti na akaunti ya benki, mwenye jahazi anaweza kuwalipa ninyi moja kwa moja. Na kuna mlango mwingine ambao akina mama wengi wa machimboni hawajaubisha: asilimia 30 ya zabuni za serikali, ikiwemo serikali ya kaunti, imetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake kinakubalika ikiwa asilimia 70 ya wanachama ni wanawake na viongozi wote ni wanawake. Vijana wachonga mawe wachache wanaweza kujiunga nanyi, lakini mwenyekiti, katibu na mweka hazina wawe wanawake, na wawe viongozi kweli, si majina ya kukopesha. Madarasa na zahanati hujengwa kwa kokoto. Sioni kwa nini zisiwe zenu.

Kibali hakiwapi ardhi. Ardhi ikiwa ya mtu binafsi, mnahitaji idhini yake, nami nasisitiza iwe kwa maandishi, maana Lamu sote tunajua ardhi inavyogombaniwa. Kama ni ya umma au ya jamii, idhini hutoka kwa wanaoisimamia. Ikiwa ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inakataza kumbagua mwanamke katika manufaa yake. Ulizeni pia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kuhusu masharti ya mazingira kabla ya kupanua shimo.

Huku mkisubiri, anzeni daftari leo: tarehe, madebe ya kila mama, jahazi lililopakia, bei, na kiasi mlicholipwa. Aliyeajiriwa kwa malipo ya kipimo pia analindwa na Sheria ya Ajira ya 2007, inayodai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Bila kumbukumbu, afisa wa kazi hana pa kushika.

Kwa wale ambao mwenye shimo ni mume: Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inahesabu kuwa mchango hata kazi za nyumbani, malezi na usimamizi wa biashara ya familia. Ila sheria hiyo inaruhusu Waislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, kwa hiyo aliye Mwislamu amwone Kadhi kwanza, aende na lile daftari.

Barua ya mwenye ardhi itaje jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Ikitaja jina la mwenye shimo, irudisheni iandikwe upya kabla hamjaiambatisha kwenye ombi.